Kete za herufi ni tamu, ila nani aliamua kwamba 'mato' si neno?

Asafiriye kwa boti baina ya Lamu na kisiwa cha Pate hujifunza upesi kwamba saa ya mkononi haimfai kitu. Saa ni maji. Mlango wa Mkanda, ule upenyo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki hivi hivi bahari ikipwa, na kwa hiyo gati ya Mtangawanda haikosi watu waliokaa kitako wakingoja maji yajae. Hapo ndipo wanaposhukia na kupandia wasafiri wa Pate, Siyu na Faza. Majuzi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimealikwa harusini, harusi imekwisha, mkoba uko miguuni, na nahodha ametuambia waziwazi kwamba hatuondoki kabla ya alasiri.

Penye baraza ya pwani hapakosi karata, dhumna au bao. Siku hiyo, chini ya banda la makuti, niliwaona vijana watatu wa sekondari na mzee mmoja, baharia mstaafu, babu wa mmoja wao, wameuinamia ubao wa Scrabble. Mimi nimefundisha lugha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nikiona herufi zimemwagwa mahali huvutwa kama paka aliyenusa papa. Nikasogea. Kijana mmoja akanitambua, akasema, "Profesa, karibu. Kaa hapa utuamulie." Nikakaa, nikawa refa. Uamuzi mmoja nilioutoa kwenye baraza ile umenikera tangu siku hiyo, nao ndio ulioniandikisha makala haya. Lakini kabla sijaungama, hebu kwanza tuutazame mchezo wenyewe.

Kwa wasioujua, ubao wa Scrabble una miraba 225, kumi na tano kwa kumi na tano. Kete ni 100. Kete 98 zina herufi, na mbili ni tupu, unaweza kuzifanya herufi yoyote uitakayo. Kila mchezaji huchota kete saba mfukoni bila kuangalia, kisha kwa zamu kila mmoja huunda neno linaloshikana na maneno yaliyotangulia ubaoni. Kila herufi ina alama zake, na anayetumia kete zote saba kwa mpigo mmoja hupata alama 50 za ziada.

Aliyeubuni ni Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Butts hakukisia. Aliketi na magazeti, ukiwemo ukurasa wa kwanza wa New York Times, akahesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi. Herufi inayotumika sana akaipa kete nyingi na alama chache. Iliyo adimu akaipa kete chache na alama nyingi. Ndiyo sababu E ina kete 12 za alama moja moja, na Q ina kete moja tu yenye alama kumi. Watengenezaji wa michezo walimkatalia, hadi mwenzake James Brunot alipouchukua, na mwaka 1948 ukapata jina hili tunalolijua. Leo unachezwa pembe zote za dunia. Mwaka 2015 Mnaijeria Wellington Jighere alitwaa ubingwa wa dunia huko Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Miaka miwili baadaye Nairobi ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya WESPA. Kwa hivyo sisi Wakenya si wageni wa mchezo huu. Kilicho kigeni humo ni Kiswahili chetu.

Nianze na sifa, maana mchezo unazo na si chache. Ya kwanza ni kwamba unakalisha pamoja watu ambao siku hizi hawakai pamoja. Bao halina bahati: fundi atamfunga mwanagenzi leo, kesho na mtondo. Karata nazo zina bahati tele. Scrabble iko katikati. Mkono unaochota mfukoni haujui elimu wala umri, lakini jicho linalopanga zile herufi linahitaji akiba ya maneno. Hapo ndipo mzee wa miaka sabini anapomkabili mjukuu wake wala asionewe huruma. Nimewaona kwa macho yangu: simu zimo mifukoni, hakuna aliyezigusa kwa saa nzima.

Sifa ya pili ni tahajia. Kijana ambaye kwenye simu huandika "xaxa" na "cjui", hapa hana budi kuandika "sasa" na "sijui". Hakuna mwalimu anayemfokea, ni mwenzake tu anayenyosha kidole na kusema, "Hiyo hapana, toa." Mimi nimesahihisha insha za maelfu ya wanafunzi kwa wino mwekundu, na nakiri kwamba kidole cha mwenzao kinafundisha kuliko wino wangu.

Sifa ya tatu ndiyo iliyonifurahisha zaidi kama mwanaisimu. Katika Kiingereza, ukishika kete ya S umeshika ufunguo: neno lolote la mpinzani wako unalibandika S mwishoni, linakuwa wingi, nawe unazoa alama zake zote. Kiswahili hakina S hiyo. Wingi wetu huanzia mbele ya neno, na aghalabu unadai kiambishi cha umoja kiondoke kwanza. Sasa, kete ikishalazwa ubaoni na kukubaliwa haiondolewi. Kwa hiyo "kitabu" hakiwezi kugeuka "vitabu", na "mtu" hawezi kuwa "watu". Hata "mlima" haiwezi kuwa "milima", kwa kuwa hakuna nafasi ya kupenyeza I katikati. Lakini tazama ngeli ya LI-YA! "Gari" linapokea MA kwa mbele likawa "magari". "Tunda" likawa "matunda". Na mwishoni tunacho kiambishi cha mahali, -NI, ambacho ndicho S yetu hasa: "nyumba" ikawa "nyumbani", "soko" likawa "sokoni". Ukimpata "shamba" umepata bahari: "mashamba", "shambani", "mashambani".

Vijana wa Mtangawanda walikuwa wameyagundua haya yote bila kufunzwa na mtu. Mmoja akishika M na A alikuwa akizificha mpaka apate nomino ya LI-YA. Akaniambia, "Profesa, ngeli mie nimezielewa hapa kuliko darasani." Sikuwa na jibu. Somo ambalo sisi walimu tumelifanya chungu kama shubiri, kipande cha ubao kimelifanya tamu kama halua.

Haya, hizo ni sifa. Sasa tuje kwenye kasoro, na ya kwanza imo mfukoni kabla hata mchezo haujaanza. Butts alihesabu herufi za Kiingereza. Mfuko wake una kete moja tu ya K, yenye alama tano, kwa kuwa K ni adimu kwa Waingereza. Kwetu K ni chumvi ya kila chungu: iko katika KI- ya ngeli, katika KU- ya vitenzi, katika "kaka" na "kuku" na "kikapu". Kwa mfuko wa Butts huwezi kuandika hata "kuku" bila kuichoma kete tupu. Ukitaka kuandika "kakakuona", K zake tatu zitakula ile kete moja na kete tupu zote mbili.

Chukua methali tunayoikariri tangu utotoni: haraka haraka haina baraka. Ni maneno manne yenye herufi 23. Zihesabu. A ni 11, na K ni 3. Mfuko mzima wa Butts una A tisa na K moja. Ukizitumia na zile kete tupu mbili bado utapungukiwa na kete tatu, maana H nazo hazitoshi. Mfuko wa kete 100 haukidhi methali moja ya Kiswahili ambayo kila mtoto anaijua!

Upande wa pili kuna herufi zinazokaa bure. Q na X hazimo katika alfabeti yetu; ukizichota umechota mawe. C haina kazi kwetu ila imeshikana na H, na H zenyewe ni mbili tu, ilhali sisi twazihitaji kwa ch, sh, dh, gh na th. Andika "chache" na C zote na H zote zimekwisha. Andika "wewe" na W zimekwisha. Andika "yeye" na Y zimekwisha. Kwa upande wa alama, Z ina alama kumi, kwa hivyo kiunganishi chetu "za", neno la bei ya maji, kinampa mtu alama 11. Wamarekani walilihalalisha neno "za" katika orodha yao ya maneno mwaka 2006, nalo kwao ni kifupi cha pizza. Sisi tunalo siku zote, tena bure, na ndiyo sababu halistahili alama 11. Kisha kuna kibwebwe cha ng'. Kete hazina ritifaa. Ukilaza N, G, O na A, je, umeandika "ng'oa" ya kung'oa muhogo au "ngoa" ya kulia ngoa?

Vijana wetu walikuwa wamelitibu tatizo hili kwa njia yao. Walikuwa na vizibo vya soda vilivyoandikwa K, A na W kwa kalamu ya wino mzito, wakavichanganya na kete za mbao. Ni tiba nzuri, ila mkono unaopapasa mfukoni unajua kizibo ni kipi. Nilimwona mmoja akipapasa kwa muda mrefu kupita kiasi, macho yameelekea baharini kama mcha Mungu. Nikamwambia, "Mwanangu, refa anakuona." Wote wakacheka, naye kwanza.

Kasoro hii ya kwanza inatibika. Wahispania walijitengenezea kete zao na CH ikawa kete moja. Wawelishi nao wana seti yao yenye herufi pacha za lugha yao. Kinachotuzuia sisi si ufundi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, maana inauliza swali ambalo sisi wanaisimu hatujalimaliza: neno ni nini? Vijana walikuwa na sheria moja: lililomo kwenye kamusi ni neno, lisilomo si neno. Kamusi yenyewe ilikuwa ndogo, ya shule, jalada limetoka. Sasa kamusi zetu huorodhesha kitenzi katika umbo lake la msingi. Utaikuta "pika", hutaikuta "anapika". Chukua nafsi sita na viambishi vinne vya wakati, yaani na, li, ta na me: tayari "pika" limezaa maneno 24, na hujatia ukanushi, wala mtendwa, wala mnyambuliko. "Hatutawapikia" ni neno moja lenye herufi 13, na ni sentensi kamili. Hakuna kamusi ya karatasi itakayoyabeba yote hayo.

Ukishikilia kamusi tu, umeinyima lugha hii utajiri wake mkubwa, ambao umo katika kitenzi. Ukiruhusu kila umbo, mchezo unakuwa mwepesi kupita kiasi, na kamusi haiwezi tena kuamua. Lazima awepo mtu anayeijua sarufi. Mimi naona afadhali hilo la pili, kwa mpaka: mtu aruhusiwe nafsi na wakati, lakini aliseme neno lake katika sentensi. Sheria ya kamusi tupu iliundwa kwa lugha ambayo maneno yake yanaorodheshika. Yetu haiorodhesheki kwa jinsi hiyo, na hilo si aibu.

Kasoro ya tatu ni ile inayoniumiza kama mwalimu wa fasihi: ubao hauulizi maana. Mfano wake mkubwa ni Nigel Richards, bwana kutoka New Zealand, bingwa wa mabingwa. Mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali hakijui Kifaransa. Alikuwa amekaa na kamusi yao kwa wiki chache tu, akayahifadhi maumbo. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania, huko Granada. Ninauvulia kofia ubongo wake. Lakini hebu tafakari, msomaji: mtu amekuwa bingwa wa maneno ya lugha ambayo hawezi kuitumia kuomba maji ya kunywa.

Linganisha na kisiwa tulichokuwa tumekaa. Pate ni ardhi ya Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Ni mji ambao magofu yake yalimliza Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hata akaitunga Al-Inkishafi. Watu wa visiwa hivi wamecheza na maneno kwa karne nyingi: mafumbo, vitendawili, kujibizana kwa mashairi. Katika michezo hiyo yote, neno lisilo na maana halina bei. Neno lenye maana mbili lina bei maradufu. Scrabble imeyageuza. Neno lenye maana kumi na neno ambalo mchezaji hajui maana yake, yote yanapimwa kwa mizani ya herufi.

Mzee wetu alilionyesha hili bila kukusudia. Alilaza kete nne: N, D, O, O. Vijana wakahesabu alama tano, wakaendelea. Mzee akatabasamu. "Mwaifahamu?" akauliza. Mjukuu akajibu, "Ndoo, babu. Ya kutekea maji." Mzee akasema, "Nyinyi mwaona ndoo ya mai. Mimi namwita mtu." Wanaozijua lahaja za kaskazini wameshaelewa: "njoo" ya Kiswahili Sanifu ni "ndoo" kwa Kiamu na Kipate, kama vile "njia" ilivyo "ndia" na "nchi" ilivyo "nti". Neno la mzee lilipita kwa kufanana na neno jingine. Liliingia ubaoni kwa pasipoti ya ndoo ya plastiki.

Zamu yake ilipowadia tena, akalaza M, A, T, O.

Kimya. Mjukuu akafungua ile kamusi isiyo na jalada, akatafuta, akatikisa kichwa. "Haimo, babu." Mzee akashangaa kikweli. Akajishika chini ya jicho kwa kidole. "Mato! Haya hapa. Chuo chenu hicho hakiyui mato?" Chuo, kwa wazee wa huko, ni kitabu. Vijana wakanigeukia mimi. "Profesa, amua."

Msomaji mpendwa, mimi najua mato ni macho. Nimelifundisha neno hilo. Nimesimama mbele ya madarasa nikawaeleza wanafunzi kwamba CH ya Kiunguja katika maneno kadha wa kadha ni T huko kaskazini: mchele ni mtele, chinja ni tinda, macho ni mato. Lakini pale barazani nilikuwa refa, na sheria ya wachezaji ilikuwa kamusi. Nikasema, "Kwa sheria yenu, haimo." Nilijiona mtu wa haki.

Mzee hakubishana. Akaziokota kete zake polepole, akaiacha M, akalaza "toa". Alama tatu badala ya sita, tukiiacha miraba ya ziada. Kilichonichoma si yeye, ni mjukuu. Alimwambia babu yake kwa upole, kama anayemfunza mtoto, "Babu, inaitwa macho." Na babu akaitikia, "Haya, mwanangu."

Nimelitafakari tukio hilo sana. Kijana yule anasema "mato" nyumbani kwao. Ndilo neno alilolisikia kwa mama yake kabla hajajua kusoma. Siku moja, mbele ya profesa, mchezo umemthibitishia kwamba neno la mama yake si neno. Na aliyemthibitishia ni mimi, mtu wa bara, niliyekuwa nikingoja maji tu.

Tusisahau jinsi tulivyofika hapa. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha. Wazee wa Pate hawakuulizwa. Sisemi usanifishaji ulikuwa kosa. Bila huo, nisingeweza kukuandikia wewe wa Kisumu na wewe wa Songea kwa wakati mmoja. Lakini Sanifu ilikusudiwa iwe daraja la kupitia, na daraja halina mamlaka ya kuwafukuza watu majumbani mwao. Padre Mfaransa Charles Sacleux, katika kamusi yake iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1939, aliyaorodhesha maneno ya lahaja na kuandika kando yake ni ya wapi. Kilichowezekana enzi zile hakishindikani leo.

Ndipo nasema kasoro kubwa ya mchezo huu haimo katika mbao zake. Imo katika kumpa kitabu kimoja ufunguo wa mlango. Wachezaji wa Kiingereza wanaweza kuvumilia hilo, kwa kuwa orodha zao ni nene na hupanuliwa mara kwa mara. Sisi tukilifanya kwa kamusi ya shule, tunamfukuza barazani mtu anayeijua lugha kuliko wote waliokaa.

Je, tuuache? Hasha. Ningependa kuuona katika kila shule na kila baraza, ila uvalishwe nguo zetu. Walimu wanaosoma ukumbi huu, fanyeni alivyofanya Butts. Chukueni ukurasa wa gazeti hili hili, wanafunzi wahesabu herufi. Watagundua wenyewe A inataka kete ngapi na K inastahili alama ngapi. Q na X zitupwe nje, CH iwe kete moja, na ng' ipate ritifaa yake. Kadibodi na mkasi vinatosha. Vizibo vya soda viacheni, maana vinafundisha udokozi.

Kisha wekeni sheria moja mpya: anayelaza neno aseme maana yake na alitumie katika sentensi. Akishindwa, aliondoe hata kama limo kwenye kamusi. Akiweza, na mtu mwingine barazani akamshuhudia kwamba neno hilo husemwa mahali fulani, likubaliwe hata kama kamusi hailijui, na mmoja aliandike daftarini pamoja na jina la mahali. Baada ya muhula mmoja, shule ya Faza itakuwa na daftari ambalo sisi wa vyuo vikuu tutaliomba kwa adabu. Kwa sheria hiyo bwana Richards hatashinda Mtangawanda, lakini baharia mstaafu anaweza.

Maji yalijaa alasiri, kama tulivyoambiwa. Nilipokuwa nikipanda botini mzee alinipungia mkono, akasema, "Mai tayari, mwalimu. Safari njema." Nikamwelewa bila kufungua kitabu chochote. Nikirudi kisiwani nitamtafuta, na nitamwambia mjukuu wake mbele ya wenzake kwamba refa alikosea. "Mato" ni alama sita. Nikiondoa zile tatu alizozipata kwa "toa", nina deni lake la alama tatu.